Tao la mlango kwa tezo na randa: mwongozo kamili wa kuchonga mbao ya mviringo kwa mkono

Mtu akiona tao la mbao juu ya mlango mkubwa swali linakuwa lilelile, huo ubao mpana hivyo walipata wapi? Hakuna ubao mpana. Tao zuri linajengwa kwa vipande vifupi, tabaka mbili, viungo vya tabaka la juu vinaangukia katikati ya vipande vya chini kama matofali yanavyopandana ukutani, na mviringo wenyewe unachongwa kidogo kidogo. Sababu ni nyuzi za mbao. Mbao ina nguvu ukiifuata nyuzi zake, sasa ukikata tao zima kwenye ubao mmoja, pale juu kileleni nyuzi zinaenda sambamba na tao, safi kabisa, ila ukishuka pembeni nyuzi zinakatiza tao, mguu mzima unabaki umeshikwa na nyuzi fupi za sentimita chache, siku ukuta ukisukuma kidogo au mtu akibamiza mlango panapasuka palepale. Kwahiyo hapa chini nyuzi zinakuja kwanza, uzuri baadaye.

Mfano ninaotumia ni tao la nusu duara la mlango wa Kizanzibari. Milango ya zamani zaidi ya Unguja na Lamu mingi ina kizingiti cha juu kilichonyooka, mstatili mtupu, uzuri wote uko kwenye nakshi. Tao lilikuja kushika kasi baadaye, karne ya 19 ikielekea mwisho, kwa mkono wa mafundi na wafanyabiashara wenye asili ya India, ndo maana ukitembea Mji Mkongwe unakuta nyumba jirani mbili, moja ina mlango wa mstatili na nyingine ina tao lenye nakshi ya maua au nondo juu ya mlango. Njia ya kulitengeneza ni hiyohiyo hata kama unataka dirisha la msikiti, kioo cha ukumbini au baraza la hoteli.

Jambo moja kabla hujashika msumeno: kama nyumba iko ndani ya Mji Mkongwe au Lamu mjini, usibadilishe mlango kienyeji. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, Zanzibar unaanzia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, Lamu unaongea na watu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ukiweka tao mahali ambapo palikuwa na kizingiti kilichonyooka unaweza kuambiwa ulitoe, na watakuwa na haki.

Mbao gani

Mninga ndo chaguo langu la kwanza. Inakatika vizuri, inakubali patasi vizuri, na kubwa kuliko yote haichezi sana ikikauka, inasinyaa kidogo mno ukilinganisha na mbao nyingine ngumu. Mvule nao ni mzuri kwa nje ila una mambo mawili: vumbi lake linawasha na linabana kifua kwa watu wengine, vaa barakoa, halafu ndani yake kuna wakati unakutana na vijiwe vyeupe vya chokaa ambavyo huvioni mpaka randa ilie, hapo ndo unaanza kunoa upya. Mbambakofi, ambayo bara wengi wanaiita mkongo, ni ngumu na inadumu sana, milango mingi ya pwani imetoka humo, lakini kwa mtu anayejifunza kuchonga mviringo itamchosha. Msaji ni mtamu kuchonga, tatizo lake ni mafuta, gundi haishiki vizuri usipoupangusa kwanza. Mfenesi pia ulitumika na bado unatumika kwa milango, usiudharau kama unaupata mkubwa na umekauka.

Kata sehemu nyeupe ya pembeni uitupe, hasa kwenye mninga, wadudu wanaanzia hapo. Kata pia moyo wa mti. Vifundo kwenye vipande vya tao hapana, maana kila kipande ni kifupi na kifundo kimoja kinakula nguvu yote.

Kukauka: kanuni ya mafundi ni kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene ikikaa kivulini yenye hewa, na mbao za sokoni mara nyingi hazijafika huko hata muuzaji aape vipi. Njia rahisi ya kujua ni kukata kipande kidogo katikati ya ubao (sio mwisho, mwisho hukauka mapema ukadanganyika), kipime uzito kwenye mizani ya jikoni, kiweke ndani, kila wiki pima tena. Kikiacha kupungua basi, kikiendelea kupungua ngoja.

Vifaa

Tezo, yaani kama shoka ila bati lake limekaa kukatiza mpini mfano wa jembe. Msumeno wa kawaida wa kukata kukatiza nyuzi na msumeno wa fremu wenye ukanda mwembamba wa kukata mviringo, huo wa fremu ukikosa kuna njia ya kuuzunguka nitaieleza. Randa ndefu ya kunyooshea. Randa ndogo ya mikono miwili, ile unashika huku na huku unavuta au kusukuma, hii ndo roho ya kazi ya mviringo. Randa yenye tumbo, yaani soli yake imepinda. Hii huipati dukani kirahisi, chukua randa ya zamani ya mbao uichonge soli ifuate mviringo wa ndani wa tao lako, ikipinda zaidi kidogo kuliko tao sio mbaya, ikipinda pungufu haitagusa. Patasi za upana tofauti, juba la kutobolea matundu, bobari (patasi zenye makali ya mviringo) mbili tatu za nakshi, nyundo ya mbao, tupa ya mbao yenye meno makubwa, guni ya kupimia pembe mraba, guni ya kukunja ya kunakilia pembe yoyote, bikari, timazi, keekee au drili ya mkono. Na kipande cha bati la msumeno uliokufa kwa ajili ya kukwangulia.

Kunoa siwezi kulipita juu juu. Mviringo unakulazimisha kukata mahali nyuzi zinapogeuka, na makali butu hapo hayakati, yanang'oa. Patasi na bati la randa kati ya digrii 25 na 30, jiwe la maji au mafuta, mpaka lianze kunyoa malaika ya mkono. Bobari noa kwa nje kwenye jiwe la kawaida ukizungusha mkono, kwa ndani viringisha msasa laini kwenye kijiti cha duara. Tezo linanolewa upande wa ndani tu, mgongo uache kama ulivyo, ukiuchezea mgongo tezo linaanza kuchimba badala ya kuteleza.

Vipimo na mchoro wa saizi halisi

Tuseme uwazi wa ukutani una upana wa sentimita 146. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazijawahi kunyooka, pima juu, katikati na chini uchukue kilicho kidogo. Acha sentimita 1 kila upande ya kuchezea, kwahiyo tao lako kwa nje lina kipenyo cha 144, nusu yake 72. Upana wa tao lenyewe 12, basi nusu kipenyo cha ndani ni 60. Unene: mbao za 2x6 tabaka mbili, ukishapiga randa kila moja inabaki kama sentimita 4.5, jumla 9.

Chora kitu chote kwa saizi halisi. Plaiwudi mbili zilizolazwa chini, au sakafu ya saruji iliyo laini, usichore kwenye karatasi ndogo ukategemea hesabu. Usitumie kamba kama bikari kubwa, kamba inanyumbuka, leo 72 kesho 72 na nusu. Chukua ufito wa mbao wa kama mita 1, piga msumari mmoja mwisho, toboa matundu mawili ya penseli, moja kwenye 60 na jingine kwenye 72 toka msumarini. Chora mstari wa chini ulionyooka, weka alama ya kati, zungusha nusu duara mbili.

Sasa hapa kuna kitu kitamu. Ukichukua urefu uleule wa 72, ukaweka msumari kwenye mguu mmoja wa duara la nje ukakata alama juu ya duara, ukahamia kwenye alama hiyo ukakata tena, hatua ya tatu lazima idondoke kwenye mguu wa pili kamili. Isipodondoka mchoro wako una kosa, futa anza upya. Hivyo umegawa nusu duara sehemu tatu bila kupima digrii yoyote. Gawa kila sehemu katikati (toka alama mbili zinazofuatana kata tao mbili ndogo nje zikutane, unganisha makutano na kituo cha duara), umepata vipande sita vya digrii 30. Gawa tena kila kimoja katikati kwa kalamu ya rangi nyingine, hiyo ndo mistari ya viungo vya tabaka la pili. Tabaka la kwanza lina vipande sita vizima, la pili vitano vizima na nusu mbili miguuni.

Kwanini sita na sio vitatu, wakati vitatu ni viungo vichache? Kwenye kipande cha digrii 60 nyuzi mwishoni zinaachana na tao kwa digrii 30, nyuzi fupi, tena kila kipande kinataka ubao wa zaidi ya sentimita 20. Kwa sita nyuzi zinaachana digrii 15 tu, na ubao unaohitajika ni sentimita 14 na pointi kidogo, unaingia kwenye 2x6 ambayo haijaibiwa sana. Nasema haijaibiwa kwasababu 2x6 ya sokoni mara nyingine inakuja na inchi tano na nusu, na tano na nusu haikutoshi, nenda na rula yako. Ukiona mashaka nunua 2x8.

Kama uwazi wako sio nusu duara kamili, ni tao la chini chini, nusu kipenyo unakipata hivi: upana wa uwazi toka mguu hadi mguu zidisha kwa wenyewe, gawa kwa mara nane ya kimo (toka mstari wa miguu hadi kileleni), ongeza nusu ya kimo. Upana 120 na kimo 40 inakuja 14,400 gawa kwa 320 ni 45, ongeza 20, jibu 65. Baada ya hapo kazi ni ileile.

Kiolezo

Kata kiolezo kimoja cha plaiwudi nyembamba chenye umbo la kipande kimoja cha digrii 30. Mgongo wake, yaani upande wa nje wa mviringo, toka ncha hadi ncha kwa mstari ulionyooka uwe sentimita 37.3. Kipange juu ya mchoro mara sita mfululizo, kila mara chora, uone kama unafika mguu wa pili sawasawa. Hapa uwe mkali na nafsi yako. Tao lina ncha 12, kosa la nusu milimita kila ncha linakupa milimita 6 mwishoni, na milimita 6 kwenye kiungo kimoja ni pengo la kupitisha kidole cha mtoto. Chora pia mstari wa kati kwenye kiolezo na mstari ulionyooka unaounganisha ncha mbili, huo utaulaza sambamba na nyuzi.

Kukata vipande

Ubao wa futi 12 unatoa vipande nane vya sentimita 42, kwahiyo mbao mbili zinakutosha na ziada ya majaribio inabaki. Piga randa uso mmoja na ubavu mmoja wa kila ubao kabla ya kuukatakata, ubao mrefu ni rahisi kunyoosha kuliko vipande kumi na mbili. Halafu unene wote ulingane, ukitofautiana tabaka hazitalala.

Laza kiolezo, ule mstari wa ncha kwa ncha uwe sambamba na nyuzi unazoziona, sio sambamba na ubavu wa ubao, maana mbao nyingi zimepasuliwa kiwandani bila kujali nyuzi zinaelekea wapi. Chora. Andika namba kwenye kila kipande na mshale wa juu.

Ncha zinakatwa kwanza, mviringo baadaye. Watu wanakimbilia mviringo kwasababu ndo unapendeza, ila ukishachonga mgongo kipande hakina tena pa kukaa, kinabingirika, na ncha ndo mahali gundi inakutana. Chukua pembe kwa guni ya kukunja moja kwa moja toka kwenye mchoro, kata kwa msumeno ukiacha milimita 1, malizia kwa randa iliyolala ubavu juu ya ubao wenye kizuizi cha pembe hiyohiyo. Weka kipande cha mbao taka nyuma ya ncha ili kona isimegeke. Jaribu ncha mbili pamoja dhidi ya mwanga, mwanga ukipita bado.

Tezo

Mgongoni unatoa mbao nyingi zaidi kwenye ncha, kama sentimita 2 na nusu, katikati hutoi kitu. Tumboni, yaani upande wa ndani wa mviringo, ni kinyume, katikati unaingia sentimita 2, ncha hazipungui. Kama una msumeno wa fremu fuata mstari kwa nje milimita 2. Kama huna, piga mikato ya msumeno wa kawaida kukatiza nyuzi kila baada ya sentimita 3, kila mkato uishie milimita 2 kabla ya mstari, halafu visiki vinavyobaki katikati vinaruka wenyewe ukivigonga kwa tezo au patasi pana.

Tezo liheshimu. Bana kipande kwenye gogo zito au kwenye jiriwa, usikishike kwa unyayo kama unavyoona wazee wanaojenga majahazi wakifanya, wale wameanza utotoni na hata wao wana makovu. Simama mguu mmoja mbele mmoja nyuma, mpini ukae karibu na paja, mkono wa chini ndo unaongoza, wa juu unatuliza. Usiinue juu kama shoka. Pigo ni fupi, linashuka kwa mzunguko wa mkono na kutoka nje ya mbao, vibanzi viwe vyembamba. Kibanzi kikianza kukimbia ndani zaidi ya mstari, simama hapohapo, geukia upande wa pili, usilazimishe pigo moja la mwisho.

Na hapa kanuni ambayo ukiishika umeshapata nusu ya kazi: mgongoni kata toka katikati kwenda ncha, tumboni kata toka ncha kwenda katikati. Yaani siku zote unashuka na nyuzi, hupandi. Ukienda kinyume mbao inanyanyuka na kung'oka, na mbao kama mninga wenye nyuzi zinazosokotana itakung'okea hata ukienda sawa kama bati halijanolewa. Tumboni mikato ya kutoka pande zote mbili inakutana katikati, hapo kuna kijimuinuko kidogo kitabaki, kiache, kitaondoka kwa bati la kukwangulia.

Baada ya tezo shika randa ya mikono miwili. Bati litoke kidogo sana, sukuma kwa mshazari sio moja kwa moja, maranda yatoke membamba. Kila mara weka guni, ukuta wa mviringo lazima uwe wima na uso wa kipande, kosa la kawaida ni katikati ya unene kuwa na tumbo kwasababu mikono inalegea pembeni. Fikisha kila kipande milimita 1 mpaka 2 kabla ya mstari, usimalizie.

Mbona usivimalize kabisa kabla ya gundi? Kwasababu haijalishi ulivyo makini, vipande vikiungana vitapishana kidogo. Na mbona usisubiri kuchonga vyote baada ya gundi, si ingekuwa rahisi? Hapa ndo wengi wanakwama. Ukishaunganisha tabaka mbili zilizopishana, mahali popote penye mviringo tabaka la juu nyuzi zinashuka upande mmoja na la chini zinashuka upande wa pili. Randa moja inapita juu ya zote mbili kwa wakati mmoja, kwahiyo ukienda kulia unaifurahisha moja unaing'oa nyingine. Milimita mbili unaweza kuzitoa kwa makali mazuri na uvumilivu, sentimita mbili huwezi. Kazi kubwa ifanyike kipande kikiwa peke yake.

Kuunganisha

Tandika nailoni juu ya mchoro gundi isishike. Panga tabaka la kwanza bila gundi, ncha zibane, pigilia vijiti vya kuzuia kwa nje vya kufuata mstari. Panga la pili juu yake, hakikisha viungo vinaangukia kwenye mistari ya rangi ya pili. Ukiridhika toa, paka gundi. Kwa mlango unaopigwa na mvua gundi nyeupe ya kawaida haifai, tafuta ya kuzuia maji au epoksi. Msaji upanguse kwa spiriti muda mfupi kabla ya gundi, sio jana yake.

Klampu hazitoshi? Hazitoshagi. Tumia skrubu za muda mahali ambapo baadaye utapiga pini za mbao. Kila eneo tabaka mbili zinapopandana lina digrii 15, yako maeneo 12, weka mbili kila eneo, moja karibu na mgongo nyingine karibu na tumbo, zisiwe kwenye mstari mmoja wa nyuzi maana utapasua. Gundi ikikauka kabisa (soma kopo, usikisie) toa skrubu, toboa milimita 10 hapohapo kwa keekee, gonga pini 24. Pini pasua kwa patasi toka kwenye mbao ngumu iliyokauka, usizikate kwa msumeno, ili nyuzi zipite toka mwanzo hadi mwisho, halafu zipitishe kwa kugonga kwenye tundu la bati la chuma la saizi hiyo zitoke duara. Milango ya zamani ilishikwa kwa pini na ulimi na imeshinda gundi nyingi za leo.

Kumalizia mviringo

Chora upya mstari wa 60 na 72 kwa ule ufito wa mbao juu ya tao lililoungwa. Mgongo ni rahisi, randa ya kawaida fupi inatosha ikifuatiwa na ya mikono miwili. Tumbo anza na tupa kwa mshazari kwenye viungo vilivyopishana, halafu randa ya tumbo, bati likitoka unene wa karatasi. Ikianza kung'oa upande mmoja usibadilishe mwelekeo kwa tabaka zote, elekeza ncha ya bati kwenye tabaka inayokubali, geuka kwa nyingine. Mwisho lile bati la msumeno: linyooshe ukingo kwa tupa, ukunje kidogo kwa mgongo wa patasi upate kingo kidogo kama ndoano, lipinde kwa vidole gumba ukwangue. Hili halijali nyuzi zinaelekea wapi, ndo maana nalipenda. Likitoa vumbi badala ya maranda membamba, linahitaji kukunjwa tena.

Kujua kama mviringo umekaa usitegemee macho mchana wa jua kali. Weka taa chini karibu na tumbo la tao jioni, kila bonde na muinuko utatupa kivuli, weka alama kwa penseli, toa. Kisha funga macho pitisha kiganja taratibu, kiganja kinaona zaidi.

Gombo la kioo na nakshi

Kama juu kuna kioo au nondo unahitaji gombo la ndani, yaani mfereji wa ukingoni wa kukalia kioo, tuseme kina sentimita 2 upana 1.2. Kikwaruzo cha kawaida cha kupigia mistari hakikai kwenye tumbo kwasababu ubao wake umenyooka, gongea vijiti viwili vidogo vya mbao kwenye uso wake, hivyo viwili ndo vitagusa mviringo na mstari utafuata tao lenyewe. Piga patasi wima kwenye mstari kina kidogo, toa kwa bobari, rudia. Usichimbe kina chote mara moja, kwenye ncha za vipande nyuzi zinapotoka nje zinamegeka.

Nakshi inakuja mwisho kabisa. Pata mstari wa katikati ya upana wa tao, gawa kwa bikari ndogo ili ua au mnyororo urudiwe mara kamili toka mguu hadi mguu, na hesabu iwe witiri (isiyogawanyika kwa mbili) ili ua moja likae kileleni. Chora zote kabla ya kuchonga hata moja. Bobari igonge kuelekea nyuzi zinaposhuka, ina maana ukifika kwenye kiungo cha vipande mkono wako lazima ubadilike, jani la kushoto la ua utalichonga toka juu na la kulia toka chini. Kwanza mstari wa nje wa ua lote, pili shusha usuli (ile ardhi ya nyuma) kina cha milimita 5 hadi 8, tatu ndo uzungushe petali. Hizo hadithi za kila ua lina maana gani na samaki maana yake nini waachie wanaotembeza wageni, wewe angalia kina kiwe sawa, usuli ukiwa na mabonde nakshi yote inaonekana chafu hata kama maua ni mazuri.

Kuketisha

Miguu ya tao inakaa juu ya kizingiti cha kati, na kizingiti kinakaa juu ya miimo. Usijaribu kuchonga ulimi kwenye mguu wenyewe, toboa tundu mguuni na tundu kwenye kizingiti, pachika ulimi wa mbao ngumu tofauti wa sentimita 8 urefu, 4 upana, 1.5 unene, nusu huku nusu huku, piga pini. Kabla ya kupandisha funga ufito mmoja wa muda toka mguu hadi mguu kushikilia 144, tao likibebwa bila ufito linafunguka.

Pandisha watu wawili au watatu, timazi pande zote mbili, kabari za mbao kwenye ile sentimita 1 ya pengo. Gonga kabari za kushoto na kulia kwa zamu. Kwenye ukuta wa matumbawe jaza kwa chokaa na mchanga, sio saruji, saruji inafungia unyevu kati ya ukuta na mbao na mgongo wa tao unaoza bila wewe kuuona. Mgongo huo wote upake mafuta mara mbili tatu kabla haujaingia ukutani maana hutaugusa tena. Misumari na skrubu zozote ziwe za shaba au zilizopakwa zinki, chumvi ya bahari inakula chuma cha kawaida na kutu inatia mbao weusi.

Mafuta: ya kitani yaliyochemshwa, madukani wanaita linsidi, changanya na tapentaini nusu kwa nusu mkono wa kwanza yazame, wa pili na wa tatu punguza tapentaini, kila mkono subiri ukauke na pangusa yanayobaki juu. Sifa, yale mafuta ya ini la papa, iache kwenye majahazi, wageni wako hawataingia ndani kwa ile harufu. Matambara uliyopangusia mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa kwenye pipa, yanapata joto yenyewe na kuwaka moto, yaanike kwenye kamba moja moja mpaka yakauke au yatumbukize kwenye ndoo ya maji. Masika ya kwanza yakipita rudi uangalie kabari na chokaa ya kileleni, ukiona ufa mwembamba kati ya tao na ukuta ujaze upya kwa chokaa, na upake mkono mmoja wa mafuta upande unaopigwa na mvua.